Sheria ya Kukimbia

Jumatatu, 3 Machi
Nimefunga kibanda changu cha ufundi simu mapema. Simu za watu zitasubiri kesho. Sheria ya kukimbia katika mchezo wetu wa vita bado inatutesa. Vikosi vikiwa vichache mchezo unakwenda vizuri. Tukipanga majeshi yote ya udongo mezani, majitu yangu huku, wapanda fisi wa mdogo wangu Chacha kule, kurusha dadu kwa kila askari kunakula siku nzima na vita haviishi. Chacha anataka pambano moja kamili, mwanzo hadi mwisho. Moja tu. Figo zake hazitampa muda. Daktari alisema, na yeye alikuwepo akisikia.

Alhamisi, 6 Machi
Chacha kaipata! Kalala chali, miguu imevimba, anacheka peke yake. Anasema, ng'ombe hawakimbii mmoja mmoja, mura. Ananiita kijana, mimi kaka yake! Akishtuka wa mbele, zizi zima linatoka. Kwa hiyo tunarusha dadu kwa kikosi, siyo kwa askari. Kikosi kikikimbia, cha jirani nacho kinarushiwa. Kamanda akiwa karibu anaweza kukiita kirudi, mara moja tu kwa vita. Nimejaribu mezani. Safi kabisa. Nimeona wivu kidogo, mimi ndiye mkubwa. Tumepanga Jumapili baada ya kanisa.

Jumapili, 9 Machi
Hakuna vita. Alfajiri alishindwa kupumua. Gari la kukodi, barabara ya Itiryo imejaa matope, hospitali. Mama kabaki nyumbani na mifugo. Naandikia kwenye benchi la nje. Naogopa.

Jumatano, 12 Machi
Tumeruhusiwa. Yaani wametuambia tukae naye nyumbani.

Nimefika, meza tupu. Mama kawaloweka wote kwenye beseni. Majitu, fisi, makamanda. Uji wa udongo, rangi zinaelea juu. Miezi yote ile ya kufinyanga na kukausha juani! Jirani alimwambia mgonjwa akifinyanga watu, wale watu wanamla. Naye akaamini.

Nimemfokea mama mbele ya wageni waliokuja kumwona mgonjwa. Kashika tu ukingo wa beseni. Alidhani anamwokoa mwanawe, najua. Bado nimemchukia mpaka jua limezama. Chacha hajaambiwa.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemwambia. Kasema mama asisemwe. Tucheze kwa mdomo.

Kafumba macho. Nikamwambia mlima uko wapi, mto unapita wapi. Akapanga vikosi kichwani, hakosei hata kimoja. Nikarusha dadu kwenye sinia. Zamu yake ya kwanza ikaja moja. Nikasema sita. Akafungua jicho.

"Usinionee huruma, mura. Utaniharibia sheria."

Basi nikasema kweli. Mama alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Kila nikirusha, ungo unatulia.

Nilivunja ubavu wa kushoto wa jeshi lake. Wapanda fisi wakakimbia, wa jirani nao wakafuata, vilevile kama alivyotunga. Akatabasamu, mtu anayepigwa! Kamanda wake alikuwa karibu. Nikauliza, haya, unawaita au unawaacha?

Amelala. Nimemfunika, tutaendelea kesho.

Jumamosi, 15 Machi
Hakuamka.

Jumamosi, 22 Machi
Tulimzika Jumanne, upande wa juu wa nyumba. Wageni wameondoka, masufuria ya kuazima yamerudishwa. Kibanda sijafungua. Watu wanapiga kuulizia simu zao, sipokei. Nimeshinda nimekaa tu. Nilidhani nitalia sana, kumbe nimechoka.

Mchana mama kaja na mkeka, kakaa. Hatujasemeshana vizuri tangu siku ya beseni. Kaniuliza ile siku nani alishinda. Nikamwambia hatukumaliza, zamu ilikuwa ya Chacha.

Kisha kauliza, wale waliokimbia, angewaita wangerudi?

Nikasema ndiyo, mama. Wangerudi.

Kajifunika uso kwa kanga. Nimetoka kwenye stuli, nimekaa naye mkekani.