Mama, Hesabu Yako ya Majaji Imekataa

Mama yangu,

Tumeshinda! Ulinifunza kuanza kwa salamu, lakini leo salamu zitangoja. Tumeshinda kesi ya soko, tena kwenye Mahakama ya Juu, kule ambako ukishatoka hakuna mlango mwingine wa kubisha. Ni leo asubuhi. Nimerudi dukani hapa Kawangware 56, lakini akili imebaki sokoni. Kuna fundi ameniitisha misumari ya mbao nikampimia ya mabati. Amerudi akicheka, "Mathe, leo uko sawa kweli?" Nikamwambia niko sawa kuliko jana.

Lakini kuna kitu kinanichoma pia, na hakuna wa kumwambia ila wewe, kwa sababu wewe ndiye ulikianzisha. Wewe na nyanya zako.

Unakumbuka? Kila kesi ya urais ilipofika mahakamani, ulikuwa unapanga nyanya saba juu ya gunia, pale kwenye kiwanja chetu cha soko huko Kibera, kati ya Kambi Muru na Ayany. Jaji mmoja, nyanya moja. Zilizoiva zilikuwa majaji wetu. Mbichi zilikuwa wao. Hukuuliza jaji amesoma nini wala ameamua nini maishani. Uliuliza jina la baba yake, ukauliza kwao ni wapi, halafu mkono wako ukaenda kwa debe kuchagua nyanya. Mteja akitaka kununua moja ya zile saba, unamfokea: "Wacha hiyo! Hiyo iko kazini."

Ule mwaka walipofuta uchaguzi ulicheza mpaka leso ikaanguka. "Hawa ndio majaji!" ulisema. Upande ule mwingine wakapanda majukwaani kuwatukana na kuapa watawaonyesha, na wewe ukashangaa jinsi watu wanavyokosa adabu kwa mahakama. Uchaguzi mwingine ukaja, kesi ikaenda, na wote saba wakaamua kinyume chetu kwa sauti moja. Wengine wao walikuwa ni wale wale uliocheza kwa ajili yao! Jioni hiyo ulizikata nyanya zote saba ukatupikia nazo samaki wa omena. Ulianza na zilizoiva, "kwa sababu msaliti anaumiza kuliko adui." Tulicheka, Mama. Lakini hukucheka.

Halafu zamu yetu ikafika. Kesi ya kiwanja tulikuwa tumeshinda mahakama ya ardhi, tukashindwa kwenye rufaa, na ikabaki ngazi ya mwisho. Yule tajiri mwenye hati ya kiwanja alikuwa tayari ameleta nguzo za ua. Kama tungeshindwa, au kama tungeondoa kesi wenyewe, angezisimamisha wiki hiyo hiyo, na wewe na wenzako mngebaki na magunia bila mahali pa kuyatandika.

Mkutano wa akina mama ule ninauona kama jana. Nilikuja kutoka dukani, nikasimama nyuma kwa sababu mimi siuzi pale na sikuwa na haki ya kupiga kura. Mama Brayo, jirani yako wa sukuma wiki, ndiye aliyewasha moto.

"Tuondoe hiyo kesi," alisema. "Waliotunyima rais ndio watatupa soko? Tukaongee na huyo tajiri, pengine atatuachia kona."

Nikashindwa kunyamaza. Nikasema kesi yetu itasikizwa na majaji watano, si saba, kwa hivyo tunahitaji watatu peke yake, na hakuna hata mmoja wenu aliyesoma wanachoamua kuhusu ardhi.

Ukageuka ukaniangalia. "Watano gani? Wawili wetu, watatu wao. Hesabu ndiyo hiyo. Ama huko Kawangware kwa ploti za watu wamekufundisha hesabu nyingine?"

"Mama, hizo ni nyanya, si watu."

"Sikia huyu! Siku hizi anaongea kama wao."

Wenzako walicheka. Mimi nilitoka na hilo neno hapa kifuani, na sikuwahi kukuambia. Nimejenga hili duka kutoka kwa ndoo moja ya misumari, katikati ya watu wa kila jina, na wateja wangu hawanunui simiti kwa ukoo. Kuitwa "wao" na mama yangu mwenyewe kuliniuma.

Lakini subiri, nafika pale ninapopapenda. Mikono ilipoinuliwa ikalingana, nusu kwa nusu, na wewe tu ndiye hukuwa umeinua. Mama Brayo akakuhimiza, "Si wewe mwenyewe umesema tutashindwa?" Ukasema, "Nimesema." Ukajikung'uta vumbi, ukasimama, ukainua mkono upande wa kuendelea na kesi. Watu wakapigwa na butwaa.

"Kama watatunyima," ulisema, "watunyime wakiwa wameketi, wakiandika sababu. Mimi siwezi kuwarahisishia kazi."

Hukuishi kusikia wameandika nini. Kifua kilikuchukua wakati kesi yetu inangoja, maana msimu wa siasa ukifika, kesi za wanasiasa zinapewa njia kama ambulensi na sisi wengine tunasogea kando. Tulikupeleka nyumbani, upande wa ziwa, tukarudi tukaendelea kungoja.

Leo nikafunga duka nikaenda kiwanjani. Mama Brayo aliweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke vizuri, tukaizunguka kama watu wanaota moto. Aliyesoma uamuzi ni yule jaji wa kike uliyekuwa ukimwekea nyanya mbichi kuliko zote, ile ngumu ya kijani. Alisoma polepole. Alisema mwenye hati ana karatasi, lakini watu waliouza mahali pamoja miaka yote hiyo kwa ruhusa ya serikali nao wana haki, na hawawezi kufagiliwa kama majani. Sufuria ikalia kwa vigelegele hata kabla hajamaliza.

Sasa shika hesabu, Mama. Kwako tulikuwa tunashindwa tatu kwa mbili. Tumeshinda nne kwa moja. Wao watatu wote wametupa soko, pamoja na mmoja wa wetu. Na yule mmoja aliyekataa ni wetu! Ni ile nyanya iliyoiva zaidi, uliyokuwa ukiipangusa kwa leso. Nimesoma sababu zake kwa simu, zote. Sikubaliani naye hata kidogo, lakini ni sababu. Hakuna mahali ametaja kwao wala kwetu.

Ungedhani watu wangejifunza. Kabla vumbi la kucheza halijatulia, mgombea mmoja akatokea na kipaza sauti: "Mmeona? Nilizungumza na majaji wetu!" Majaji wetu gani, na wetu ndiye aliyetukataa? Nikapiga kelele kumuuliza hivyo, akajifanya hasikii. Kufika huku Kawangware, Baba Wanjiru, mwenye ploti nilikopanga duka, akanipa mkono kwa furaha ya kweli, halafu akasema, "Hongera, nasikia majaji wenu wamewaokoa." Na wateja nao: ati wametupa soko kwa sababu uchaguzi uko karibu na kura za Kibera ni nyingi.

Hapo ndipo panaponichoma. Siwezi kuapa kwamba upepo wa siasa haufiki kule juu. Jaji mmoja akistaafu, husikii mtu akiuliza nani anajua sheria, unasikia zamu ni ya nani. Wakiamua, wanaahidiwa cheo au wanatishiwa kunyimwa bajeti. Mtu anayepimwa kwa jina lake kila siku, ipo siku atachoka na kuanza kujipima hivyo mwenyewe. Na wanaompima si wanasiasa peke yao. Ni sisi pia, pale juu ya gunia.

Lakini pia ni wewe uliyeinua mkono. Nimelifikiria siku nzima. Ulikuwa na hakika wamehesabika, na bado ukataka waketi na waandike. Mtu asiyeamini mahakama kabisa hafanyi hivyo. Kwa hivyo lile neno nililobeba, nimeliacha leo pale kiwanjani. Tumelipana.

Kabla sijaondoka nilikaa mahali pako. Mama Brayo ameanza kuuza nyanya zako pamoja na sukuma wiki yake, hataki mahali pako pabaki patupu. Nikachagua tano, nikazipanga kama ulivyokuwa ukipanga, mbili zilizoiva na tatu mbichi. Mama mmoja wa Ayany akasimama na kikapu.

"Hizi ni fungu?"

Mdomo ulitaka kusema ziko kazini. Nikaziangalia.

"Ni fungu moja," nikasema.

"Na hizi mbichi nifanyie nini?"

"Weka dirishani. Zitaiva."

Akazichukua zote tano. Pumzika, Mama. Gunia lako bado limetandikwa.

Mimi binti yako wa kwanza,
yule anayeongea kama wao.