Kipanga Wanaaga

Jumanne, 6 Mei

Saa mbili kamili, kama kawaida. Mawingu kiunoni mwa mlima Shengena, upepo mdogo wa kusi, upande wa Gonja wazi hadi mbugani. Nikabonyeza kitufe cha redio, nikasoma hali ya hewa. Kipanga Moja akajibu — Meja Clemence mwenyewe, rubani wa ndege ya kwanza ya doria, sauti ya mafua. Nikamwambia achemshe tangawizi. Akacheka.

"Mama Myamba," akasema, "tunastaafishwa. Ndege zote nne. Ijumaa ya tarehe kumi na sita ndiyo doria ya mwisho."

Nikauliza swali la kijinga: kwani zina nini? Akasema zimezeeka, vipuri havipatikani tena, na habari ya kukagua bahari na mipaka kwa macho ya mtu imepitwa na wakati. Zinakuja droni. Zinaona kupitia mawingu.

Zinaona kupitia mawingu! Basi mimi ni wa kazi gani?

Nilimkuta Eliakimu anaosha tangawizi mtaroni. Nikamwambia. Akasema afadhali, sasa nitakuwa na Jumanne kama wake wengine. Si mtu mbaya mume wangu. Miaka ishirini na nane ananisubiri kila Jumanne na Ijumaa nimalize mawingu ndipo twende shambani. Lakini leo lile "afadhali" limenichoma.

Alhamisi, 8 Mei

Barua imefika ofisi ya kata. Mhuri mkubwa. "Kituo cha taarifa za hali ya hewa Myamba hakitahitajika kuanzia tarehe 16 Mei. Vifaa vitachukuliwa." Imeandikwa kwa BWANA Rogathe. Miaka yote hiyo na bado mimi ni bwana!

Nimekumbuka walivyokuja mwaka tisini na saba. Askari wawili, viatu vimejaa tope, wanatafuta nyumba inayoona mbali na yenye mtu anayesoma vizuri. Nyumba yetu iko ukingoni mwa genge, chini ni bonde tupu, na mimi nilikuwa na kidato cha nne changu kisicho na kazi. Binti yangu Brightness nikiwa nimembeba mgongoni. Wakafunga redio, sola, mlingoti wa antena juu ya bati. Wakaniambia: ndege zikitoka pwani zinakuja kupita hapa, rubani anataka kujua tu mlima umefunikwa au la. Sema unachokiona, usiseme unachokidhani.

Nimesema hivyo mara ngapi? Sijui. Madaftari yamejaa sanduku zima.

Ijumaa, 9 Mei

Habari kubwa! Meja Clemence anasema Ijumaa ijayo hawatapita kwa mbali kama siku zote. Ndege zote zitashuka chini, zipite juu ya Myamba kabisa, juu ya bati langu. Kuaga. "Tutazitikisa mbawa," akasema. "Vaa nguo nyekundu nikuone."

Sijawahi kuziona kwa karibu. Nikiwaambia watu hawaamini. Kwangu mimi ni mvumo, na doa linalong'aa juu ya mbuga likienda kaskazini. Na huyu Clemence sijawahi kumwona uso, lakini najua akiwa na homa, najua akiwa amegombana na mtu nyumbani. Alipopata mtoto wa kike nilikuwa mtu wa nne kuambiwa. Yeye anajua harusi ya Brightness ilinyeshewa.

Nimemwambia mtendaji wa kata, Bwana Elinaza. Ameruka juu. Atatangaza.

Jumapili, 11 Mei

Imetangazwa kanisani. Kwaya ya akina mama watavaa sare ya Pasaka. Jirani yangu Beatha amenikamata mlangoni anauliza kama ndege zitatupa peremende. Watu wananishika mkono kana kwamba ndege ni zangu.

Nilifurahi — sitadanganya. Lakini nikiwa nakoroga makande, mwaka elfu mbili na tatu ukanijia. Siku ile kulikuwa na ukungu unaokuja na kuondoka, na nilikuwa na haraka ya kwenda msibani. Rubani alikuwa mwingine, mzee wa Singida. Akaniuliza, nikajibu: wazi kidogo. Akashuka. Nilisikia injini ikilia upande usio wake, karibu mno, vyombo vikacheza kabatini. Alipanda tena. Mungu tu. Aliporudi redioni hakunigombeza. Alisema polepole, "Mama, kidogo si hali ya hewa."

Msibani sikwenda. Nilikaa chini ukutani hadi jua likawa kichwani. Tangu siku hiyo nina maneno mawili: wazi, au imefungwa.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimepiga pasi gauni jekundu. Eliakimu amefyeka uwanja mzima bila kuombwa. Amenunua hata betri mpya ya saa ya ukutani. Nikamuuliza ya nini, akasema usije ukachelewa siku ya mwisho.

Kesho mawingu yainuke. Sijawahi kuomba hilo kwa ajili yangu.

Ijumaa, 16 Mei

Niandike vizuri, kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili asubuhi — imefungwa. Ukungu mzito, hata mti ulio mita thelathini siuoni. Saa moja — imefungwa. Watu wakaanza kuingia. Nilikadiria mia tatu. Wengine wametembea kutoka vijiji vya jirani, miavuli, watoto mgongoni, simu mkononi tayari kwa video. Kwaya wamejipanga na sare zimelowa. Saa mbili kasoro robo kuta za genge zikaonekana, halafu zikapotea tena.

Bwana Elinaza aliingia chumbani kwangu. Hajawahi kuingia. Akasimama nyuma ya kiti.

"Mama Brightness, waambie kunafunguka."

"Kunafunguka wapi, mtendaji?"

"Hata kama bado, mpaka wafike kutakuwa kumefunguka. Watu wametoka mbali. Wanajeshi hawa si watoto, wataona wenyewe."

Na niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: nilitaka kumsikiliza. Nilitaka sana! Nilitaka ile ndege ipite juu ya bati langu, nitoke na gauni langu jekundu, yule mtu anione mara moja tu.

Redio ikaita. "Myamba, Kipanga Moja. Tuko dakika sita. Mawingu yakoje? Tushuke?"

Nikatoka nje. Nikatembea hadi ukingo wa genge, watu wakinipisha. Hakuna Gonja. Hakuna mbuga. Nikanyoosha mkono mbele yangu, nikaona vidole tu. Nikarudi.

"Kipanga Moja, Myamba. Imefungwa. Msishuke. Narudia, msishuke."

Akasema, "Nimepokea, Mama. Tunapita juu."

Bwana Elinaza alisonya, akatoka. Nikasikia minong'ono ikienda uwanja mzima.

Kisha mvumo. Watu wote wakainua nyuso. Hakuna cha kuona, nyeupe tu, na sauti ikija kutoka pwani, ikikua mpaka bati likatetemeka. Nikaongeza sauti ya redio hadi mwisho, nikaiweka dirishani. Ndipo Meja Clemence akaanza kusema. Sikumwomba.

Alisema juu huko ni jua tupu. Alisema Shengena imetoa kichwa peke yake kama kisiwa, na mawingu yametandazwa kama pamba mpaka anapoiona Kilimanjaro. Alisema ndege ziko tatu, zimekaa mstari, Kipanga Nne imebaki pwani inatengenezwa injini. "Sasa ninazitikisa mbawa, Mama. Hapo hapo ulipo. Nyumba yako siioni. Sijawahi kuiona hata siku moja. Lakini najua iko hapo."

Kumbe miaka yote mimi ndiye niliyewasimulia wao, leo nasimuliwa.

Nilibonyeza kitufe cha kujibu. Basi nikanyoosha mkono wenye kipaza sauti nje ya dirisha, kuelekea kwaya. Beatha akaelewa kabla ya wote. Akaanzisha. Wakaimba ndani ya ule ukungu, sare zinadondosha maji, kidole changu kikibonyeza kile kitufe. Nilipokiachia, nilisikia Clemence mara ya mwisho, mbali, akikatikakatika: tumesikia, tumesi—

Basi.

Eliakimu aliniletea chai. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mpaka chai ikaisha.

Jumamosi, 17 Mei

Saa tatu asubuhi ukungu wote umeondoka. Anga safi hadi Taveta. Siku moja tu baadaye! Nimecheka kama mwendawazimu.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani wengine wamenipa mkono, wengine wamejifanya kutafuta nyimbo vitabuni. Mzee mmoja kasema wazi: ungewaacha waje, marubani wana macho. Beatha kanitetea kwa sauti kubwa mpaka nikaona aibu.

Nafikiri hivi. Nikikosea kwa kusema imefungwa, watu watanuna wiki mbili. Nikikosea upande ule mwingine, hakuna wa kununa. Lakini inauma kuwa sahihi peke yako.

Jumatatu, 19 Mei

Amenipigia fundi, anaitwa Fanueli. Yuko Same, kesho anapanda kuchukua vifaa. Kijana ana adabu, shikamoo ndefu. Dada yangu Fortunata, anayeuza vitenge sokoni Same, kaniambia amemwona stendi anaulizia gari la Myamba.

Nimeipangusa redio vumbi. Eti isionekane imetunzwa vibaya.

Jumanne, 20 Mei

Naandika vipande vipande.

Fanueli alifika saa tatu. Mvua nyepesi, mlima umefungwa. Akapanda juu ya bati, akalegeza boliti, akalaza mlingoti. Akashuka kuwasha redio mara ya mwisho, apime kama nzima, ajaze fomu yake. Ikaunguruma tu. Akaweka kidole kwenye swichi.

Sauti. Ndogo, kama inatoka ndani ya chungu. Ya mwanamke.

"...amba. Myamba. Kipanga Nne. Kuna mtu?"

Tukatazamana. Fanueli akasema taratibu, "Mama, kituo kimefungwa tangu Ijumaa. Sina ruhusa ya kurusha sauti." Nikamwambia, "Mwanangu, huyo yuko hewani." Nikashika kipaza sauti. Nikamjibu. Hakunisikia. Akaita tena, akaita tena.

"Panda," nikamwambia Fanueli. "Usimamishe mlingoti." Akasema boliti zimetoka, hausimami wenyewe. "Basi ushike wewe!"

Alinitazama. Kisha akavua koti lake la kazi, akapanda.

Saa 3:52. Ananisikia sasa. Anaitwa Kapteni Careen. Anaipeleka Kipanga Nne kaskazini ikapumzishwe pamoja na zile tatu. Hajawahi kupita njia hii. Injini ya kushoto inapata moto tena, anataka kutua Same, kile kiwanja cha vumbi nje ya mji, na chini yake anaona mawingu matupu. Alisema, "Meja Clemence aliniambia nikikwama niite Myamba, kuna mama." Nikamuuliza kama hana ramani. "Ramani ninayo, mama. Haina mawingu."

Saa 3:55. Mimi Same siioni, mlima uko katikati. Nimempigia Fortunata. Nikamwambia aache wateja, atoke barabarani, asimame mahali pasipo na paa. Nimemuuliza kimoja kimoja. Mlima kwa juu? Hauonekani, umefunikwa wote. Chini ya mlima, mashamba ya mkonge? Anayaona yote, hadi relini. Magharibi, upande wa mto Ruvu? Jua linawaka, watu wanatoka jasho. Nimemfanya arudie. Ananiuliza kuna nini, nimemwambia asiondoke hapo, asikate simu.

Saa 3:58. Nimemwambia Careen: mlima umefungwa wote, asishuke upande huu, abaki juu mpaka auache nyuma kabisa. Magharibi wazi. Akaniuliza, "Umeona mwenyewe, mama?" Nikasema hapana, ameona dada yangu, yuko barabarani Same sasa hivi na simu sikioni. Akasema, "Napita juu."

Eliakimu amerudi kutoka shambani, kaona mtu juu ya bati amekumbatia chuma kwenye mvua. Amechukua ngazi, naye amepanda.

Saa 4:03. Mvumo. Uko juu yetu. Si mzuri, unakohoa, lakini unakwenda. Fortunata anasema bado hajaona kitu. Muuza matunda jirani yake naye anatazama, stendi nzima inatazama.

Saa 4:06. Mvumo umevuka. Careen anasema mawingu yanakatika mbele yake, anaona wekundu wa ardhi, anaanza kushuka. "Myamba, usiondoke hewani."

Nimemjibu siondoki.

Fanueli anapiga kelele kutoka juu, mikono imekufa ganzi, ashike mpaka lini? Mpaka Careen aguse ardhi, na sijui ni lini. Nimemwambia ashike.