Buibui wa Chini ya Kiyoyozi

Jumatatu, 10 Novemba
Nimefua, nimepiga pasi, nimemwagilia maua ya madam. Pale kiyoyozi kinapodondosha maji, buibui wa kahawia yupo tena. Huyu hategi utando. Anawinda kwa mbio, chini kwa chini. Nyuma amebandika kifuko cheupe cha mayai. Anaenda nacho kazini. Namwonea wivu. Buibui!

Ijumaa, 14 Novemba
Siku yangu ya mapumziko huku ughaibuni. Nimepiga simu nyumbani Tanga. Mwanangu Nuru alikuwa anasukwa, hakutaka simu. Nikamsikia: "Mama, mwambie Mama Simu nitampigia."
Mama ni mdogo wangu, Rehema. Mama Simu ni mimi. Rehema akacheka, eti utoto tu. Nimemchukia.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimeamua. Januari Nuru anaanza shule ya bweni. Rehema asimsuke tena. Nimemwandikia hivyohivyo.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimefanya ubaya. Nilimnyang'anya buibui kifuko kwa kijiti. Akazunguka, akapapasa kila jiwe. Nikamtupia kidonge cha pamba. Akakibandika palepale, akaondoka nacho. Nilitaka kucheka, nikalia. Mgongoni nimembeba mtoto wa madam kwa kanga, kalala fofofo.
Nikamrudishia mayai yake. Pamba akaiacha.

Jumapili, 23 Novemba
Kifuko kimepasuka. Watoto kama punje za ufuta, wote wamempanda mama mgongoni. Anawinda nao. Wivu umenipanda upya.
Rehema kapiga. Nuru kasikia habari za bweni, hali chakula. Ana miaka sita tu.
"Dada, sikukuibia. Ulinipa mwenyewe, hata kunyonya alikuwa hajaacha."
Nilikata simu. Ni kweli, ndiyo maana nikakata.

Alhamisi, 27 Novemba
Rehema katuma picha. Mkono wake uko begani kwa Nuru. Nimeikuza mpaka Rehema asionekane. Mkono ukabaki.

Jumatatu, 1 Desemba
Watoto wa buibui wameshuka, wametawanyika kwenye changarawe. Mama yao hana kitu mgongoni. Anakimbia vilevile. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.
Bweni nimefuta. Wivu bado upo, sijidanganyi. Ila Nuru abaki anapokula.
Nimemtumia sauti. Nilirekodi mara tatu, mbili nikazifuta. "Nuru, Mama Simu hapa. Nisalimie mama."
Kisha nikaenda kuanua nguo.