Mchanga Mweusi wa Mto Nduruma

Moshono,
Arusha.
12 Septemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Eliasi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Calgary? Baridi imeshaanza, au bado mnapata jua la kuanikia nguo? Natumaini kile kifua kimepona, na kwamba sasa unakula chakula cha kueleweka, si ile mikate yako ya kwenye mfuko. Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba nimestaafu, vumbi ni jingi, na mama yako amevuna maharage yake kule Maji ya Chai bila kumwita mtu, halafu amenuna kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumsaidia.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Nimekuandikia kwa sababu simu imenishinda. Unakumbuka juzi nilivyokupigia nikaishia kukusimulia habari za ndama anayeharisha? Ndama hana shida yoyote, anaruka tu. Nilipiga nikiwa na neno lingine kabisa, nikakusikia unacheka, nikaogopa. Jirani yetu Mama Faudhia anakuja huko kumwona binti yake, nimemwomba akukabidhi bahasha hii mkononi.

Habari yenyewe ni ya gari lako uliloniachia nilitunze, na ya mdogo wako Abdiel. Gari limepona, usishtuke. Linalouma ni hilo la pili, lakini siwezi kulifikia bila kupita kwenye la kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Unajua ile taa ya breki, ya ABS, ilivyotusumbua tangu Pasaka. Inawaka, fundi anaizima, baada ya siku chache inawaka tena. Mashine ya kupima ilikuwa inasema neno moja tu, gurudumu la mbele kushoto. Fundi wa kwanza akabadilisha sensa, kile kidude kinachohesabu mizunguko ya gurudumu. Tukashangilia, taa ikarudi. Wa pili akavua waya zote za upande ule akatia mpya. Taa ikatulia, ikarudi. Wa tatu, kijana mmoja mwenye maneno mengi, akasema kifaa kikubwa cha breki kimekufa na lazima kiagizwe. Nikamwambia akiagize kwanza kichwa chake. Wewe ulikuwa unatuma tu hela, na kila ukituma nilikuwa najisikia kama mlinzi aliyeibiwa akiwa lindoni.

Na kila ilipowaka, ilimwakia Abdiel. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Mimi naliendesha Jumamosi, nalirudisha bila taa. Yeye analichukua Jumapili baada ya ibada, kama ulivyomruhusu, ampeleke mchumba wake Namelok kwao, na akilirudisha taa imewaka. Sasa mtu mzima niliyeendesha malori maisha yangu yote nifikiri nini? Gari lina turbo, kijana ana mchumba, lami ya kwenda Tengeru imenyooka. Nikasema moyoni huyu analikimbiza, anapiga breki za kujionyesha. Nikamwambia. Akaniambia, "Mjomba, sikimbizi. Nikitaka kusimama pedali inatetemeka, gari linakuwa kama linakataa." Nikamjibu kwamba gari halikatai, anayekataa ni mguu wake.

Halafu ikawa ile ya mwezi wa sita pale Maji ya Chai, alipoigonga pikapu kwa nyuma. Hakuna aliyeumia, bampa tu. Lakini nilikuwa nimeshapika hukumu yangu, ilikuwa inasubiri sahani. Nikamnyang'anya ufunguo mbele ya mama yake, nikakutumia ule ujumbe wa sauti. Ninao bado kwenye simu, nimeusikiliza tena juzi, nikaona aibu kwa sauti yangu mwenyewe. Nilisema Abdiel analitumia gari lako kwa mashindano, na kwamba alinidanganya usoni. Mpwa wangu, la mashindano nililitunga. Niliamini ni kweli, lakini hakuna aliyeniambia.

Mambo mengine unayajua, kwa kuwa ni wewe uliyeyasema. Kwamba hutakuja kwenye harusi ya mtu anayevunja vitu vyako na kudanganya wakubwa. Kwamba asikupigie. Sikulaumu hata kidogo, uliambiwa na mjomba wako, ungefanyaje?

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita nililipeleka kwa fundi Yiamat kule Sakina, mtu mkimya, hata salamu yake unaisubiri. Akafungua gurudumu, akaivuta ile sensa, akaniletea niliko. Ncha yake ni sumaku, na ilikuwa imeota ndevu. Ndevu nyeusi kabisa, zimesimama. Akazipangusa kwa kitambaa akasema ni mchanga wa mlima huu, una chuma ndani yake, unashikwa na sumaku, basi sensa inashindwa kuhesabu gurudumu na breki inajiachia yenyewe pale unapokaribia kusimama. Akauliza gari linapita wapi hadi lipate mchanga mwingi namna ile. Nikasema sijui.

Nilijua, Eliasi. Nilijua palepale kabla hajamaliza kuuliza.

Kila Jumamosi nikitoka kwenye shamba langu la nyanya Nduruma nilikuwa nalipeleka gari lako mtoni kuliosha. Nalitia majini upande wa kushoto, kwa sababu kulia kuna lile jiwe la akina mama la kufulia. Kisha nachota mchanga mweusi wa mtoni na kusugua rimu, kama bibi yako alivyokuwa akisugua sufuria zake, mpaka naona meno yangu humo. Malori yangu yote niliyaosha hivyo na hayakulalamika. Nilikuwa nikiimba kabisa. Nilikuwa nasema Eliasi akija atakuta gari lake linang'aa, atajua nilimpenda.

Kutoka mtoni hadi Moshono ni njia ya mashimo, unakwenda mwendo wa ng'ombe, taa haipati nafasi ya kuwaka. Inakuja kuwaka kesho yake kwenye lami, mbele ya Abdiel. Na kila fundi aliyeivua sensa ile aliifuta, au alitia mpya iliyo safi, taa ikazima, mimi nikarudi mtoni kuichafua. Nilikuwa navunja kwa mkono wangu nilichokuwa nakulipisha kutengeneza, na katikati yetu nikamweka mtoto wa watu.

Bado nikatafuta mlango wa kutokea. Mtu akiogopa kosa lake anakuwa mwanasheria. Nikasema labda ni bahati tu. Jumamosi iliyofuata nikaliosha vilevile, nikasugua vilevile, ila safari hii sikwenda nyumbani. Nikapanda nalo barabara kuu kuelekea Usa River, peke yangu. Kabla sijafika Tengeru taa ikawaka. Nikakanyaga breki pale kwenye tuta, pedali ikatetemeka chini ya kiatu changu, gari likateleza likapita nilipotaka lisimame. Likakataa, kama alivyosema. Nikalisogeza pembeni, nikalia kama mtoto, na mama mmoja mwenye ndizi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Sasa sioshi tena mtoni. Yiamat ameisafisha sensa, naosha kwa ndoo nyumbani, nimeliendesha kila siku kwenye lami na taa haijarudi.

Nilikwenda kwa Abdiel. Sikwenda mikono mitupu, nilikata jani la sale pale kwenye uzio wa mama yako, lile tunalopelekeana tukiombana msamaha. Unajua kwetu mtu akikuletea sale huwezi kumfukuza. Lakini mimi sijawahi kuona mjomba akimpelekea mpwa wake, kwa kawaida ninyi ndio mnaotuletea sisi. Nilitembea nalo limefichwa chini ya koti kama mwizi wa kuku. Abdiel alikuwa anapaka rangi chumba watakachoanzia maisha. Akaliona, akaweka brashi chini, akaniambia, "Shikamoo mjomba, hilo ni la nini tena?" Nikamweleza yote, la mto, la mchanga, hata la mashindano. Akalipokea kwa mikono miwili. Akanitafutia kigoda nikae. Afadhali angenitukana.

Nikampa ufunguo wa gari. Ufunguo hakuupokea. Akauliza, "Kaka anajua?" Nikasema bado. Akarudi kwenye rangi yake.

Mama yako juzi aliniambia kwamba ukimpigia unauliza mpaka kuku, na jina la mdogo wako hulitaji. Naye Abdiel akija kwake anakula, anauliza mpaka kuku, na lako halitaji. Mama yenu Anna amezaa watoto wawili na sasa ana wageni wawili. Hilo nimelifanya mimi.

Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Baba yenu hayupo. Ukoo wa Namelok umeshauliza nani atasimama upande wa baba siku hiyo, na wazee wetu wamenitaja mimi. Nimekataa. Sikuwaambia kwa nini, lakini nimesema mahali hapo pana mwenyewe, kaka yake mkubwa.

Sikuombi unisamehe upesi. Kunikasirikia ni haki yako, nikasirikie, utukane hata kwa Kimeru ili ikolee. Ninachokuomba ni kwamba usimkasirikie yeye hata siku moja zaidi kwa ajili yangu. Mpigie. Usitume ujumbe, mpigie akusikie sauti. Na kama kazi itakuruhusu, kata tiketi.

Msalimie sana mkeo Lucky na watoto, mwambie zile picha zilifika na ukutani kwangu zimepata misumari. Shangazi yako Nasieku anakusalimu, anauliza kama bado unanyoa kichwa chote. Mama yako anakusalimu bila kujua ninachokuandikia. Mungu wa baba zetu akutunze kazini na njiani, akuvushe baridi hiyo, na akulete nyumbani ukiwa na moyo mwepesi.

Neno moja nimelibakiza. Jana usiku Abdiel alikuja kwangu aliposikia Mama Faudhia anasafiri. Alileta jani la sale nililipatie nafasi kwenye bahasha yako. Nikamwuliza unaomba msamaha wa nini na hukukosa chochote? Akasema hajali, aitwe mkosaji tu, ilimradi kaka yake aje.

Jani lake sikulitia humu, Eliasi. Siwezi kumwacha akuombe radhi kwa mchanga wangu. Liko mezani kwangu kwenye glasi ya maji, na utakapofika utamrudishia mwenyewe. Hili unaloliona hapa ndani, lililokunjwa vibaya na kukauka pembeni, ni langu mimi.

Anayekupenda na kukuonea haya,
Mjomba wako,
Solomoni.