Daftari za Rispa Zisizofika Nusu

Shirere, Kakamega
Jumapili, mwezi wa tano, 1996

Kwa kaka yangu mkubwa Jairo,

Mulembe, wewe na nyumba yako yote. Mama mgongo wake umeachilia au bado anainukia ukutani? Shemeji Selina ameshapata nguvu ya kusimama jikoni? Na huyo mtoto mgeni nasikia amechukua kichwa chako. Mwambie pole, atakizoea. Mimi ni mzima kabisa. Ile suruali ulinipa ukisema nitakua niivae, sasa inanibana. Ukinipita hapa mjini utaniamkia ukidhani ni karani wa wilaya.

Gunia la daftari nimelipata. Dereva wa lori la mahindi alilishusha sokoni bila hata kamba kufunguka. Asante ya gunia ndiyo hiyo. Mengine hutayapenda, kwa hivyo kaa chini.

Kwanza wacha nijisifu, maana huko hakuna mtu ananisifu. Mzee Rajabu, yule Mwislamu wa Mumias mwenye alinichukua nijifunze kushona vitabu, siku hizi ananiachianga kazi nzima ya vitabu vya kumbukumbu. Ni kazi ya mkono: jalada la maganda makavu ya mgomba, uzi wa katani uliopakwa nta, sindano na vidole vya huyu mdogo wako. Wageni wanaokuja kuangalia ndege msituni wanavipenda sana. Lakini wanataka karatasi ya mistari, ili majina ya ndege yasipande mlima.

Hiyo mistari imenitesa, Jairo. Dukani nilipata fuliskepu, zile karatasi ndefu za mistari. Nikazikunja katikati, nikashona vitabu sita, nikavipanga mbele ya Mzee kifua mbele. Akafungua kimoja, akakigeuza ubavu. Fuliskepu ukiikunja, mistari inasimama wima kama mahindi yako shambani. Akaniangalia juu ya miwani: "Shadraka, hawa wageni wataandika wakiwa wamelala ubavu?" Sikula mchana.

Ndipo akili yangu, ile mwalimu wa hesabu alisemanga sina, ikaamka. Karatasi ya daftari ya shule tayari imekunjwa vile inatakiwa, na mistari inalala. Shida ni moja. Karatasi ya mbele na ya nyuma ni kitu kimoja, zimeshikana pale kwenye pini. Mwanafunzi akiandika mpaka katikati, basi daftari yote imekwenda, kwa sababu kila safi ya nyuma inabeba iliyoandikwa ya mbele. Lakini mwenye aliachia kwenye robo, katikati yote ni safi, unaitoa kama kiini cha yai. Kwa hivyo daftari nzuri kwa fundi ni ya mtu aliyeacha shule mapema. Nikacheka nilipoligundua hilo. Nikasema, kumbe mimi ni tajiri! Zangu za kidato cha pili ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama.

Ndio nikakuandikia unitumie zisizofika nusu. Mama mmoja mgeni ameagiza vitabu ishirini, anasafiri kesho. Mzee akaniahidi nikivimaliza vyote nitapata meza yangu mwenyewe pale dirishani, na ufagio atakabidhiwa mwingine.

Basi gunia likafika. Nikawaita wale wanafunzi majirani zangu hapa plotini, nikawaambia, "Kujeni muone mwandiko wa msomi." Nikaingiza mkono. Ya kwanza kutoka imeandikwa Rispa, Darasa la Saba, Sayansi. Ya pili Rispa. Ya tatu Rispa, dada yetu mdogo. Na ile barua yako ya mistari minne: "Nimekuongezea na za Rispa, hazijafika hata robo, vile ulitaka. Sasa yuko nyumbani anamlea mtoto mpaka akae."

Mpaka akae! Jairo, mimi uliniambia ni msimu mmoja tu wa palizi. Msimu mmoja, halafu Shadraka atarudi shule. Nilipalilia, nikavuna, nikapukuchua, na msimu mwingine ukanikuta na jembe mkononi. Mtoto akikaa atatambaa. Akitambaa atahitaji mtu wa kumtoa karibu na moto. Akitembea Selina atakuwa na mwingine. Unanijua mimi ni mtu wa mzaha, lakini hapa tafuta mzaha wangu hutauona.

Na usifikiri nimejitoa lawamani. Ni mimi niliandika "zisizofika nusu." Ulisoma ukaona mdogo wako anataka daftari, na hizo zimekaa bure, ukanitumia kwa moyo safi. Ndiyo inaniuma zaidi.

Nitakueleza ukweli wote. Nililaza ile ya hesabu kwenye ubao, nikashika kisu. Karatasi yake ni nyeupe kuliko yangu. Nikaifungua nione robo inaishia wapi. Zoezi lina maswali kumi, amefanya sita, yote tiki. Chini yake mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Vizuri. Malizia kesho."

Nikarudisha kisu. Zangu nimezikata zote, hata ile yenye nilikuwa nimeandika jina mara tatu na kuchora gari. Zimetoa vitabu kumi na sita. Jana nilimpelekea Mzee. Akahesabu, akaona zile za Rispa nimezifunga pembeni. "Na hizo?" "Ni za dadangu." Akasoma jina, akalipangusa vumbi kwa kanzu yake. "Basi kamata ufagio," akasema.

Kwa hivyo leo nimefagia.

Daftari zake zote saba zinarudi na lori hilohilo. Hakuna hata karatasi moja imetoka, hesabu mwenyewe. Usizirudishe kwenye sanduku. Mpe Rispa mkononi, na mtoto umchukue wewe. Wewe mwenyewe, Jairo. Una mgongo mpana, na mbolea ya mahindi haiwekwi siku nzima. Mama naye alitubeba sisi watatu na jembe juu.

Nisalimie Mama, mwambie sanduku lake sasa ni jepesi. Nisalimie Shemeji Selina, sina ugomvi naye, alale apone. Salamu kwa Mjomba Enosi wa kinyozi, mwambie huku wananyoa vizuri kumliko.

Jibu la barua hii usiandike wewe. Aandike Rispa, maneno machache tu yanatosha. Aniambie swali la saba lilitoa ngapi.

Ni mimi mdogo wako mwenye ufagio,
Shadraka