Tabu Hakuachia Mshale

Maji ya Shamba,
Kondoa.
14 Agosti, 1993.

Mdogo wangu mpendwa Khalidi,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa: marahaba, mwana wa mama yangu.

Hujambo huko Mererani? Wifi yangu Mwajabu na watoto hawajambo? Na kile kikohozi chako je? Wanaotoka huko wanasema vumbi la mashimo ya madini linakaa kifuani kama masizi ya jikoni. Chemsha tangawizi unywe, kisha uende hospitali. Usiniambie ni mafua tu, maana mafua ya miaka miwili mimi sijayaona. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mguu wa Mama umepunguza kuuma, sasa anakwenda mwenyewe mpaka kwa jirani kusengenya. Mtama si haba mwaka huu, mahindi ndiyo yametuangusha.

Tabu ni mzima kabisa. Naandika hili mapema ili usirukeruke mistari kulitafuta. Hajampiga mtu mshale, hajapigwa na mtu, hajaumia hata ukucha.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Ati mwisho wa mwezi huu unakuja kumchukua mwanao shuleni, kwa sababu umesikia shangazi yake anawafundisha vipofu kurusha mishale, na kwamba Tabu kamtoboa mtu jicho! Lahaula! Jicho la nani, Khalidi? Lisemwalo lipo, sawa, lakini hili lilipanda basi hapa Kondoa likiwa kuku, likateremka huko kwenu likiwa mtu.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa sita mwanafunzi mmoja mwenye macho yake mawili mazima alijichongea upinde nyumbani kwao, akamlenga kuku wa jirani. Kuku akafa, akaliwa, wenyewe wakayamaliza. Lakini lawama zikaja shuleni, na wala hazikumwendea yeye. Zikawaangukia watoto wetu wasioona. "Kipofu na mshale wapi na wapi?" ndiyo ikawa salamu ya sokoni. Mwenyekiti wa kamati ya shule ni Mzee Khamisi, unamkumbuka, yule mwenye mbuzi wengi na maneno mengi zaidi. Akasema mchezo ufungwe, na wasioona warudishwe makwao mpaka serikali iwatafutie mahali pao. Wazazi kadhaa wakamuunga mkono. Juu ya hayo ndipo ikaingia barua yako. Nilikonda, mdogo wangu, gauni zote zikawa zinanivuka.

Najua unadhani tunawagawia watoto mishale kisha tunamwachia Mungu. Sivyo. Mwenzangu katika kazi hii ni Mwalimu Bartolomayo, Msandawe wa Farkwa, watu wa upinde tangu mababu, anayefundisha kazi za mikono. Pinde zote kazichonga yeye, na mishale yake ni butu, haina chuma. Watoto wanasimama mstari mmoja, wanaoona na wasioona, na Yotham ambaye miguu yake imepooza anapiga akiwa amekaa kwenye kigoda. Chini tumetandaza kamba, kila mmoja anaigusa kwa kidole cha mguu ajue mwisho wake ni hapo. Filimbi moja, piga. Filimbi mbili, weka chini. Anayekosea hilo anakaa nje wiki nzima, hata akilia machozi ya damu. Mimi kwa hilo sina huruma na sitaki kuwa nayo.

Shabaha ni gunia lililojazwa nyasi. Kwa wasioona tumetundika kengele juu ya gunia, imefungwa kamba ndefu, na Yotham anaivuta kutoka pale pale alipokaa mstarini. Mtoto anaisikiliza, anavuta upinde, anaachia. Ukimwona Tabu amekunja uso akisikiliza, utadhani Mama anapohesabiwa chenji.

Kengele yenyewe unaijua. Ni ile ya beberu wa Baba, uliyoiangusha mwambani ukiwa mchungaji, ikapata ufa, nawe ukapata kiboko. Mpaka leo inalia kwa sauti ya kukwaruza. Wiki iliyopita mwalimu mkuu alinunua mpya inayong'aa ili wageni wasituone maskini. Tabu akaigonga mara moja tu, akamrudishia. "Hii kila mbuzi anayo," alisema. Mwalimu mkuu hakupendezwa, ila aliiacha ile ya Baba mahali pake.

Basi, Jumatano kamati na wazazi wakaja kujionea kwa macho yao ndipo waamue. Mzee Khamisi alikaa kiti cha mbele, kanzu nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala. Nilikuwa nikijiambia kwamba mtoto mmoja akikosea kidogo tu, Tabu na wenzake wanafungashwa virago, na mwaka kesho mwanao yuko jikoni anapepeta mchele wa watu, kusoma kwake kumeishia hapo.

Wanaoona walianza, wakapiga vizuri. Yotham akapiga gunia katikati, wazazi wakapiga makofi. Ikaja zamu ya Tabu. Nikapiga filimbi. Akagusa kamba kwa kidole, akavuta upinde, akatulia kungoja kengele.

Unajua huku baada ya mavuno mbuzi wanaachiwa tu, wanazurura mashambani wanavyotaka. Basi kabla Yotham hajavuta kamba, ng'ari ng'ari, kengele ikalia mbele ya gunia. Kundi la mbuzi limekatiza uwanja, beberu mbele! Na walikuwa wa nani? Wa Mzee Khamisi mwenyewe. Mzee kuwaona, akaruka kutoka kitini, pindo la kanzu mkononi, akakimbilia uwanjani kuwaswaga. Yeye aliyekesha miezi miwili akihubiri kwamba mishale ni hatari, kajitia katikati ya upinde na shabaha! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yule angeambiwa.

Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Wallahi, Khalidi, mate yaliniisha, nikapuliza ikatoa pumzi tupu. Nilitaka kuita, sauti ikakauka. Watu wote wameachama. Niliona upinde umevutwa, na mbele yake kanzu nyeupe.

Tabu akaulegeza upinde polepole. Akautoa mshale, akainama, akaulaza chini kama tulivyomfunza. Kisha akageuka upande niliko, amenuna, akasema, "Mwalimu, hiyo si kengele yetu. Halafu kuna mtu anakimbia mbele huko, ndala zinampiga kisigino. Si mlisema mgeni asivuke kamba?"

Nikakaa palepale kwenye vumbi mbele ya wageni, mimi mtu mzima. Bartolomayo ndiye aliyekwenda kumshika mzee mkono na kumrudisha. Mzee kofia imemwanguka, ndala moja imebaki kwa mbuzi.

Uwanja ulipokuwa wazi, mtoto hakukubali zamu yake ipotee hivihivi. Filimbi ikalia, safari hii ililia, Yotham akavuta kamba, kengele ya Baba ikakwaruza, Tabu akaachia. Akakosa. Mshale ulipita pembeni ya gunia, ukalala kwenye nyasi. Watu wakashangilia mpaka kunguru wakahama mti, naye kakasirika kwa sababu anajua sauti ya mshale uliopata. Mpaka leo hajamaliza kulalamika kwamba mbuzi walimtoa kwenye mpango.

Baraza halikuchukua muda. Mzee Khamisi alisimama, akajikohoza, akasema watoto wote wabaki shuleni na mchezo uendelee. Kisha akaongeza, "Na iwe sheria kuanzia leo, wageni wasitoke kwenye viti vyao." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka kidogo. Mimi nililia. Nililia bila aibu, mdogo wangu, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani baada ya njia ndefu. Tangu siku ile chakula kinapita, usingizi unakuja, na juzi Mama ameniambia nimeanza tena kuimba jikoni, nipunguze sauti.

Jioni nilimsimulia Mama yote. Akasema, "Masikio hayo ni ya Khalidi." Akanikumbusha kwamba ulipokuwa mdogo ulikuwa unakaa mlangoni magharibi, makundi ya kijiji kizima yanarudi, na wewe unasema beberu wetu yuko wapi kabla hajatokea kilimani. Mimi nilikuwa nimesahau. Nadhani nawe umesahau.

Kwa hiyo nakuomba, na usipokubali kuombwa basi nakuamuru, maana mimi ndiye niliyekubeba mgongoni: mwisho wa mwezi njoo kama ulivyosema. Lakini njoo kumwona, usije kumchukua. Kamati imekwisha kumwachia, umebaki wewe baba yake. Njoo ukae kwenye kiti, usikie anavyopiga. Ukitoka hapo bado unataka kuondoka naye, nitamfungia mizigo mwenyewe. Hutataka, nakujua.

Mama anakusalimu sana, anauliza shuka ulilomwahidi. Mwalimu Bartolomayo anakusalimu, anasema uje na nyama. Yotham naye anasalimu ingawa hakujui. Nisalimie wifi Mwajabu, umwambie binti yake Tabu ameshanipita kimo. Barua hii nampa dereva wa basi la Babati, ni mtu mwaminifu.

Tabu yuko hapa ubavuni, nimemsomea yote, amenisahihisha mawili matatu. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amefikiri kidogo, kisha akasema, "Mwambie Baba akija asiniite jina. Apite tu nje ya darasa, akohoe. Nitatoka."

Basi Mwenyezi Mungu akuponye kifua chako, mdogo wangu, amin, ila akubakishie kikohozi kimoja cha kuja nacho.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda wala kukugombeza,

Salma