Kitambaa cha Mkiani mwa Ndege ya Tano

Baba yangu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu Mama alinifundisha kwamba hasira haimpunguzii mtu umri wake.

Barua yako imefika siku tisa baada ya harusi yangu. Kwa mstari mmoja umesema Mungu atubariki mimi na mume wangu. Kwa ukurasa mmoja na nusu umeeleza jinsi ya kuzifunga zile ndege zako tano ndogo za plastiki, za kuunganisha: kila moja peke yake, pua isiguse ubao, mabawa yasibanwe, na ile ya tano ikae juu ya zote kwa sababu ya kile kilicho mkiani. Nimpe dereva wa Mzee Seifu, yule mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, azifikishe Mpanda, na kutoka huko zipande treni hadi kwako Tabora. Lori linaondoka kesho asubuhi. Nina mchana huu tu wa kuamua kama nitakutii.

Kwanza nikupe habari ambazo hukuuliza. Nimeolewa, Baba, na nina furaha mpaka naona haya kutembea nayo barabarani. Denis ni bwana shamba. Ana baiskeli moja na makoti mawili, na lile zito zaidi amenipa mimi. Unaijua baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba, upepo unaingia chini ya mlango kama mwenye nyumba. Kabla sijaamka ameshachemsha maji, ameshaingiza kiwiko ndani ya beseni kama anayemwogesha mtoto mchanga, ndipo huniita, "Mke wangu, maji yanakuulizia." Nikisikia kengele ya baiskeli yake kule chini Chanji, moyo hutoka nje kabla ya miguu. Cheka ukitaka. Mimi mwenyewe hucheka.

Lakini wiki iliyopita aliniliza. Alitaka kusafisha mnyororo wa baiskeli. Akaokota kipande cha khanga chakavu jikoni, kitu ambacho hata mimi nisingekitazama mara mbili, akaja nacho mlangoni. "Skola, hiki naweza kukitumia, au una kazi nacho?" Nikalia, Baba. Maskini akadhani amekosea, akakirudisha mahali pake, akaanza kufuta mnyororo kwa majani. Ningemwelezaje? Ningemwambia kwamba nimeishi miaka ishirini na moja sijamsikia mwanamume akimwuliza mwanamke kuhusu kitambaa?

Najua unakumbuka, maana hakuna mtu aliyekumbuka vitu vidogo kukuzidi. Ulikuwa karani wa kiwanja cha ndege hapa Sumbawanga. Kazi yako ilikuwa kupima mvua, kuangalia mfuko wa upepo, na kufukuza ng'ombe kwenye njia ya kutua siku ndege ilipotarajiwa. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya pangaboi, na siku nyingine haikuja. Jeti hukuwahi kuiona ikitua pale. Ndipo Bruda fundi wa misheni alipokuletea boksi la kwanza kutoka likizo kwao, shukrani ya kumtunzia mizigo yake. Ndani mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu, vipande vimening'inia kama maharage kwenye shina lake, na karatasi ya maelekezo kwa lugha usiyoijua. Ulikaa nayo Jumamosi nzima bila kukata hata kipande kimoja. Tangu siku ile, Bruda akienda likizo sisi tulikuwa tunahesabu miezi.

Sikatai, zilikuwa Jumamosi tamu. Meza yako ilikuwa dirishani, nami nimepiga magoti juu ya kiti. Gundi ya kwenye boksi ilikuwa imekauka, ukayeyusha mabaki ya fremu kwa thina uliyoiomba gereji, ikawa gundi. Viungo tulivisugua kwa majani ya msasa mpaka ukipitisha ukucha haukwami. Rangi ya fedha ilikuwa masalio ya kupaka matangi ya maji. Masizi ya kibatari tuliyapaka kwenye bomba la nyuma, kwa sababu, ulisema, "Jeti isiyo na masizi haijawahi kuruka." Ulishika kijiti cha plastiki juu ya mshumaa, kikalegea, ukakivuta taratibu kikawa uzi mwembamba kuliko unywele, na huo ukawa antena. Na kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vidogo, vile vipimo vya mviringo mbele ya rubani nilivichora mimi kwa ncha ya mwiba, vipimo kumi na kimoja mahali pasipotosha punje tatu za ulezi. Kisha ukafunika kioo, ukakigandisha. Wageni walipochungulia na kuuliza nani kachora mle, ulijibu, "Mkono wangu huo." Nami nilifurahi. Nilidhani mkono wako ni mimi.

Unakumbuka siku balozi wetu wa nyumba kumi alipozikuta zile nne za kwanza kabatini, zina nyota na alama za nchi za watu?

"Ndugu karani, hizi si ndege za mabeberu?"

"Ndizo, ndugu balozi."

"Zinafanya nini nyumbani kwa mjamaa?"

"Nimeziteka."

Balozi alicheka mpaka akaomba maji. Jumamosi iliyofuata tulizifuta nyota zote tukapaka rangi za bendera yetu. Mama alisimama nyuma yetu, ana unga mikononi, akasema, "Na mimi mniteke basi, mniweke kabatini, nitazamwe." Ulicheka, nami nikacheka. Leo nikiyakumbuka maneno yale sioni kichekesho.

Kisha ikaja ya tano. Nyembamba kama mkuki, mabawa ya pembetatu. Picha ya kwenye boksi ilionyesha inatua, na nyuma yake parachuti nyeupe imefumka. Hiyo parachuti haikuwamo kwenye fremu, nawe hukutaka kuikosa.

"Hii ina kasi mno, Skola," ulinieleza. "Magurudumu peke yake hayaisimamishi. Bila hicho kitambaa inapitiliza kiwanja, inaishia kwenye mashamba ya watu."

Ulijaribu bendeji ya hospitali, ukaitupa. Ulisema ndege imepunguzwa mara sabini na mbili, basi na kitambaa kipungue hivyo hivyo, ama sivyo kitaonekana gunia. Ilikuwa miaka ya foleni, Baba. Hata Mzee Seifu alikuwa anauza rafu tupu. Ukaniambia, "Niletee kitambaa chepesi kuliko vyote vilivyomo humu ndani."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilijua kilipo. Chini kabisa ya sanduku la bati la Mama, ndani ya mfuko wa unga uliofuliwa, ilikaa shela yake ya harusi. Aliitarizi mwenyewe kwa masista kule Kaengesa, yeye msichana aliyepanda kutoka bondeni Milepa bila viatu. Maua madogo ya maharage ukingo mzima, mwaka mzima wa sindano. Kila alipoianika aliniambia, "Hii ni yako, siku yako." Nilikuletea nikidhani unataka kuipima tu. Uliipuliza ikaelea. Ukasema, "Ehee!" Na mkasi ulikuwa tayari mkononi. Ulikata kona, pamoja na ua lake moja, kwa sababu ukingo uliotariziwa haufumuki nyuzi.

"Na Mama?" niliuliza.

"Tutamwambia."

Ukakiloweka kitambaa kwenye wanga wa muhogo, ukakilaza juu ya yai mpaka kikakauka na umbo la mwavuli, ukakifunga nyuzi saba. Kilikuwa kizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote tulichowahi kutengeneza.

Uliiweka ndege kabatini Jumapili. Jumatatu Mama alifungua sanduku. Alikuja mezani ameshika shela, kidole chake kimepita tunduni. "Nani amegusa hii?" Nilikutazama wewe. Uliinamia karatasi zako za mvua, ukasema, "Panya wa mwaka huu, mama Skola, wana meno." Kisha ukanitazama mimi. Nami nikasema, "Panya, Mama."

Wiki ile ile akaenda kuomba paka kwa jirani. Miaka yote hii, Baba, paka amelala kando ya sanduku akilinda kitu ambacho hakuna panya aliyekigusa.

Hukumwambia. Ukahamishiwa Tabora, kiwanja kikubwa, ukasema unatangulia tu. Barua zikaja kila mwezi, halafu kila Pasaka. Halafu tukasikia kwa dereva kwamba umepata nyumba, na ndani ya nyumba mna mama mwingine na watoto wawili. Na Mama, kila Jumamosi, alizipangusa ndege zako kwa unyoya wa kuku.

Siku mbili kabla ya harusi nilishindwa. Nilimpigia magoti nikamwambia yote. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha.

"Skola, yale maua nimeyashona mimi. Unadhani siujui mkono wangu? Nilikiona kabatini kwanza, ndipo nikaenda kufungua sanduku."

"Sasa paka, Mama? Ulimleta wa nini?"

"Mlishasema panya. Niliona aibu kwa ajili yenu." Akatupa jiwe moja pembeni. "Nikangoja mmoja wenu achoke. Wewe umechoka. Haya, simama, utachubuka magoti uingie kanisani kama mcheza gololi."

Nilichukua wembe nikikate kitambaa mkiani mwa ndege, nikirudishe kwenye shela. Akanishika mkono. "Acha. Ndege ni ya baba yako. Humu ndani hatuchukui kitu cha mtu hajaulizwa." Alisema "humu ndani" polepole sana.

Kwa hiyo niliolewa na tundu lako kichwani, limekunjwa na kubanwa kwa pini. Baba mdogo alinishika mkono mahali ambapo ungekuwa wewe. Denis alipoinua shela pini ikachomoka, kidole chake kikapita, akaninong'oneza, "Kumbe umeniachia dirisha." Nilicheka mbele ya padri, Baba. Lakini hata kicheko kile usikihesabu kuwa chako.

Furaha hii ndiyo iliyonifumbua macho. Zamani nilidhani nyumba zote ziko hivyo, baba anatazama bawa kwenye mwanga, mama anapita nyuma yake na maji. Sasa kuna mtu ananitazama mimi vile ulivyolitazama bawa. Kadiri ninavyopendwa ndivyo ninavyojua Mama alikosa nini, na ndivyo ninavyokukasirikia. Sikujua mtu anaweza kuamka na nyimbo mdomoni na uchungu kooni kwa asubuhi moja.

Hapo juu niliandika kwamba sijaamua. Niliiacha barua mezani nikapanda kwa Mama. Njiani nilifikiri maneno yake, kwamba hatuchukui kitu cha mtu hajaulizwa, nikaona katika habari hii yote ambaye hajaulizwa ni mmoja tu. Nikamkuta uani. Nikamwambia, "Mama, kile kitambaa ni chako. Nikikurudishie, au kibaki kwenye ndege?"

Paka alikuja akajipangusa miguuni pake. Kisha Mama akasema, "Lete sindano."

Nilikata nyuzi saba moja moja, pale ziliposhika kitambaa. Tukakiloweka kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, wanga ukatoka taratibu, kikasahau umbo la yai. Kimerudi kwenye shela yake. Kimekuwa cheupe kidogo kuliko wenzake, na mshono unaonekana. Mama hakutaka kuuficha.

Ndege zako zinakuja, zote tano. Denis amezifunga kwa maganda ya mahindi ndani ya boksi la sabuni, kwa upole ambao ungeusifu. Alipofika kwenye ya tano aliielekeza dirishani, akachungulia ndani ya kioo cha rubani.

"Nani alichora humu?"

"Mkono wa Baba," nilimjibu.

Akavitazama vidole vyangu.

Utaikuta ile ya tano ina nyuzi saba zinaning'inia nyuma, hazijafungwa kitu. Wewe mwenyewe ulinifundisha ndege ya namna hiyo huishia wapi. Ukikitaka kitambaa, usimwandikie dereva, wala usiniandikie mimi. Njoo umwombe mwenyewe. Yupo nyumba ile ile. Ukifika, bisha hodi kwa sauti, maana paka amezeeka, hasikii tena. Mama anasikia vizuri.

Baki salama huko Tabora.

Mwanao, mke wa Denis,
niliyekuwa mkono wako